SPIKA ZA SIMU ZA SIKU HIZI: NI MBAYA KULIKO ZA ZAMANI?

Mwezi huu katika kona yetu ya vitu vya nyumbani tuko na swali ambalo linarudi kila mara, kwenye foleni ya maji na kwenye kibanda cha kuchajia simu. Watu wanasema hivi: "Simu ya zamani ya vitufe ilikuwa inaita mpaka jirani anatoka nje. Hii ya kugusa, ya bei kubwa, inasema kama mtu aliye ndani ya mtungi. Spika zimeharibika siku hizi!" Wengine wanabisha, wanasema simu mpya ina muziki mzuri kuliko redio ya babu.

Nani ana haki? Tumeona swali hili si la mchezo. Kwa mtu aliye kwao, spika mbaya ni kero ndogo, maana atapanda baiskeli akamuone mama yake. Kwetu sisi, mama huyo yuko ng'ambo. Wenzetu wa Mururu na Kamembe wanaona taa za Bukavu usiku, lakini kuziona si kufika. Sauti ya koko aliyebaki, habari ya mtoto aliyezaliwa, tangazo la msiba, vyote vinapita kwenye kitundu kile kidogo chini ya simu. Tena kuna familia ambazo zimetoa fedha ya chakula ili kubadilisha simu "sababu ya spika", na ile mpya ikasema vilevile. Kwa hiyo tulichambue pole pole.

KWANZA: SPIKA NI KITU GANI?

Spika, au bafle kama wengi wetu tunavyoita, ni ngoma ndogo inayopigwa na umeme. Ndani kuna sumaku. Karibu na sumaku kuna waya mwembamba sana uliozungushwa kama uzi kwenye kigurudumu. Waya huo umegandishwa kwenye ngozi nyembamba ya plastiki. Umeme wa sauti ukipita kwenye waya, sumaku inauvuta na kuusukuma, ngozi inatikisika, na hewa iliyo mbele yake inatikisika pia. Hewa hiyo ikifika sikioni, tunasema tumesikia.

Sasa hapa ndipo siri ilipo. Ili sauti nene itoke, lazima hewa nyingi isukumwe. Wataalamu wa sauti wana kanuni: ukitaka kushuka kwenda sauti nene mara mbili, kwa ukubwa uleule wa sauti, ngozi ya spika lazima iende mbali mara nne zaidi. Redio ya mbao ya wazee wetu ilikuwa na spika pana kama sahani, na nyuma yake kasha zima la hewa. Ilikuwa na nafasi ya kusukuma. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na nyuma yake hakuna kasha, kuna kijichumba kidogo tu kilichobanwa kati ya batri na kioo. Hata fundi awe nani, ngoma ya ukubwa wa ukucha haitalia kama ngoma ya harusi.

Basi ukilinganisha simu na redio ya zamani, redio inashinda, na itaendelea kushinda. Hiyo siyo sababu simu zimeharibika, ni sababu ya ukubwa. Swali la kweli ni kulinganisha simu na simu.

SIMU YA ZAMANI: KELELE SI UZURI

Tuchukue simu ambayo wengi wetu tuliijua, Nokia 1100. Ilitoka mwaka 2003, yenye tochi juu, na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilikuwa haina muziki wala redio. Mlio wake ulikuwa wa sauti moja moja, kama filimbi. Mbona basi tunakumbuka kwamba ilikuwa na nguvu?

Sababu ni sikio letu. Sikio la binadamu linasikia vizuri kuliko yote sauti kali zenye mitikisiko kati ya 2,000 na 4,000 hivi kwa sekunde. Ndiko kilio cha mtoto kinapotoboa, ndiko filimbi ya refa inapotoboa. Simu za zamani zilipiga milio yao huko huko. Spika ilikuwa na kazi moja tu, kuita. Haikuombwa kucheza gitaa, ngoma na waimbaji watatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tunaposema "ilikuwa na nguvu", tunasema kweli. Lakini tukisema "ilikuwa na sauti nzuri", hapo tunasahau. Hakuna aliyesikiliza rumba kwenye simu ile.

Baadaye zikaja simu za muziki za vitufe, na zile za bei ndogo zenye laini mbili na spika kubwa mgongoni, vijana wakitembea nazo sokoni. Zile zilikuwa na kelele kweli. Kwa nini? Simu ilikuwa nene. Ndani kulikuwa na nafasi, na watengenezaji walijua wateja wa huku kwetu wanasikilizia nje, watu kumi kwa simu moja. Lakini ukipandisha sauti mpaka mwisho, ilikuwa inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa na mchanga.

SIMU YA KUGUSA: IMEPATA NINI, IMEPOTEZA NINI

Kuanzia mwaka 2007, ilipotoka iPhone ya kwanza, simu zilibadilika sura. Kioo kikala uso wote. Simu ikawa nyembamba. Spika ikasukumwa chini, pembeni ya tundu la chaji. Matokeo yake tunayajua: ukishika simu kwa mkono mmoja, kidole kinaziba spika. Ukiilaza kwenye godoro, sauti inafia humo. Sauti inatoka upande, haimwendei msikilizaji.

Hata hivyo watengenezaji hawakulala. Mwaka 2013 HTC One ilitoka na spika mbili zinazotazama uso wa mtu, moja juu na moja chini, na watu wengi waliisifu. Lakini kioo kiliendelea kukua, na nafasi ya spika za mbele ikaisha. Mwaka 2016 iPhone 7 ikaja na njia nyingine: spika ya chini inafanya kazi pamoja na ile ndogo ya sikioni. Simu nyingi za bei kubwa sasa zinafanya hivyo. Mwaka huohuo iPhone 7 iliondoa tundu la ekuteri, na wengine wengi wakaiga.

Jambo lingine ni maji. Simu za bei kubwa zimefungwa ili maji yasiingie, na kwenye tundu la spika kunawekwa kitambaa au utando mwembamba. Ni kinga nzuri, lakini sauti nayo lazima ipenye humo, kwa hiyo fundi wa kiwanda anafanya kazi ya ziada ili isififie.

Tena ndani ya simu nyingi siku hizi kuna programu inayolinda spika. Inapima joto la ule waya na mwendo wa ngozi, halafu inapunguza sauti kabla waya haujaungua. Kwa hiyo ngozi ndogo inaweza kusukumwa mpaka karibu na mwisho wa uwezo wake bila kukatika. Ndiyo maana simu mpya ya bei kubwa, ingawa ni nyembamba, inatoa muziki ambao simu ya mwaka 2005 isingeweza.

Basi jibu letu la kwanza ni hili: kwa simu za bei kubwa, spika hazikushuka, zimepanda sana. Lakini sisi hatununui hizo. Kwa simu za bei ndogo za kugusa, mambo ni nusu kwa nusu. Sauti ni safi kuliko ya zamani, ila mara nyingi spika ni moja, iko chini, na nguvu ya kuita mbali imepungua. Mtengenezaji akitaka kushusha bei, mteja anatazama kioo, kamera na batri. Spika haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye kasha, kwa hiyo ndipo anapobania. Mama anayelalamika hajakosea, na kijana anayebisha hajakosea. Kila mmoja anasema juu ya simu yake.

PILI: KOSA SI LA SPIKA KILA MARA

Hapa tunaomba msome vizuri, kwa sababu ndipo fedha inapopotelea. Spika inasema kile ilicholetewa. Ikiletewa sauti mbovu, itatoa sauti mbovu, hata ikiwa ya dhahabu.

Simu ya kawaida inapopigwa kwa njia ya zamani, mtandao haubebi sauti yote ya mtu. Unabeba sehemu ya katikati tu, kuanzia mitikisiko 300 mpaka 3,400 hivi kwa sekunde. Sauti nene ya kifua cha mzee inakatwa chini, na zile herufi za upepo, S na F, zinakatwa juu. Ndiyo maana kwenye simu S na F zinafanana. Mtu akisema "nimefikia Uvira", wewe unaweza kusikia "nimesikia Uvira". Maneno mawili, habari mbili tofauti kabisa! Ukiona jambo ni zito, usibahatishe. Mwambie mwenzako arudie kwa neno lingine: "Umefika? Uko Uvira sasa hivi?"

Mahali penye mtandao mpya zaidi, wito unaweza kubeba kuanzia mitikisiko 50 mpaka 7,000, na hapo unasikia hata pumzi ya mtu. Lakini lazima simu zote mbili na mitandao yote miwili ikubali. Mmoja akiwa na simu ya vitufe ya zamani, wote wawili mnarudi kwenye njia nyembamba.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao ulianza mwaka 2013, ni kitu tofauti. Sauti inarekodiwa kwenye simu ya mtumaji kwanza, halafu inatumwa kama faili. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe unachelewa, lakini ukifika umefika mzima, haukatikikatiki kama wito. Kwa hiyo ujumbe wa sauti ukisikika vibaya, tazama upande wa mtumaji: pengine alisema katikati ya upepo, au kidole kilikuwa kwenye maikrofoni. Sisi tulio karibu na mpaka tunajua pia kwamba simu inaweza kuruka kutoka mtandao wa huku kwenda wa ng'ambo, sauti inapasuka, na unite zinaisha haraka. Hapo spika haina kosa lolote.

Na muziki? Wimbo ukipunguzwa ili uingie kwenye kadi ya memori ya kijana mmoja, halafu ukapunguzwa tena kwa kupitia programu nyingine, kila mara unapoteza kitu. Baada ya safari tatu au nne unabaki mifupa. Usiwashutumu watengenezaji wa simu kwa mifupa hiyo.

TATU: USIUZE REDIO

Kuna familia zimeuza redio zikisema, "Simu iko na redio ndani." Ni kweli simu nyingi ziko nayo, lakini fikiria mambo mawili. La kwanza, redio ya simu kwa kawaida inatumia waya wa ekuteri kama antena. Bila waya, haishiki, na simu isiyo na tundu la ekuteri mara nyingi haina redio kabisa. La pili, ukubwa wa spika. Redio yenye spika pana inasikika na watu wanane waliokaa wakitwanga na kuchambua maharage. Simu inasikika na wawili.

Radio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, watu wa Kongo hawakuisikilizia kwenye simu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na mababu waliikusanyikia kwenye redio moja ya mtaa. Na mwaka 2020, shule za Rwanda zilipofungwa kwa sababu ya Korona, watoto walipata masomo redioni. Mtoto akisikiliza somo, lazima asikie kila herufi. Hapo redio ya zamani yenye batri za kubadilisha ni mali. Itunzeni.

NENO KUHUSU MADINI

Wengine wetu tumetoka Masisi, na vijana wanauliza: "Coltan yetu ndiyo iko kwenye spika?" Hapana. Coltan inatoa madini ya tantali, ambayo yanatumika kwenye vifaa vidogo sana vya kuhifadhi umeme ndani ya simu. Sumaku ya spika inatengenezwa kwa madini mengine yanayoitwa neodimi, ambayo kwa sehemu kubwa yanatoka China. Neodimi ndiyo iliyowezesha sumaku ndogo kuwa na nguvu kubwa, na bila hiyo spika ya simu isingefaa kitu. Basi kila simu mkononi ina kipande cha dunia, na mara nyingi kipande cha kwetu pia.

KABLA YA KUTOA FEDHA, FANYA HIVI

1. Pima kwanza. Rekodi sauti yako mwenyewe kwenye simu, ndani ya nyumba, bila upepo. Isikilize kwa spika, halafu kwa ekuteri. Ikiwa ekuteri ni safi na spika inakwaruza, shida ni spika. Ikiwa zote mbili ni mbaya, shida iko kwenye maikrofoni au kwingine. Ikiwa zote mbili ni nzuri, shida yako ni mtandao, wala usibadilishe simu.

2. Tazama tundu. Jikoni kwetu kuna majivu, moshi na vumbi, na simu inakaa mfukoni pamoja na nyuzi za nguo. Vitu hivi vinashikana na mafuta ya mkono na kuziba wavu wa spika. Simu nyingi "zilizokufa sauti" zimezibwa tu. Zima simu, chukua mswaki laini, mkavu, mpya, fagia pole pole huku tundu likitazama chini.

3. Usitumie sindano, utatoboa ngozi ya spika. Usipulize kwa mdomo, utaingiza mate na unyevu. Usimwage petroli wala sabuni.

4. Toa kasha la simu ujaribu. Makasha mengine ya sokoni yana tundu mahali pasipo na spika.

5. Simu ikiloa, izime, ifute, isimamishe spika ikiwa chini, iache mahali pakavu penye hewa. Usiiweke juu ya mbabula. Joto linaharibu gundi na batri.

6. Usiweke programu za "kuongeza sauti mara mbili". Zinasukuma ngozi ya spika kupita kiasi, na spika ndogo ikiungua haiponi.

7. Ukitaka sauti zaidi bila gharama, simamisha simu ndani ya kikombe kikavu au bakuli, spika ikitazama chini. Kikombe kinakusanya sauti na kuielekeza upande mmoja. Haiongezi umeme hata kidogo.

8. Ikiwa spika imekufa kweli, mwulize fundi bei ya spika peke yake, na mwombe aijaribu mbele yako kabla ya kufunga simu. Mara nyingi spika ni kati ya vifaa vya bei ya chini katika simu. Kubadilisha simu nzima kwa ajili yake ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu ya mlango.

MASIKIO NA SIRI

Tuna maneno mawili ya mwisho. Vijana wanaokimbia spika mbaya wanaingia kwenye ekuteri, na wanapandisha mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Huna kipimo? Tumia hiki cha nyumbani: ukimwita mtoto kutoka urefu wa mkono na hasikii, basi sauti ni kubwa mno. Spika ikifa, unanunua nyingine. Sikio likifa, duka lake halipo.

La pili ni siri. Kuta zetu ni nyembamba. Ujumbe wa sauti ukifunguliwa kwa spika, nyumba nne zinasikia kwamba dada wa fulani ni mgonjwa, au kwamba fulani ametumiwa fedha. Habari ya msiba nayo haifai kutoka ghafla kwenye kitundu cha simu, watoto wakiwa wanakula. Kabla ya kufungua ujumbe wa kwetu, weka simu sikioni kwanza. WhatsApp kwenye simu nyingi inahamisha sauti yenyewe kwenda spika ya sikioni ukifanya hivyo. Sikia wewe mkubwa wa nyumba, halafu uamue nani asikie na kwa njia gani.

Kwa hiyo tukijumlisha: spika ya simu haikuharibika kwa jumla. Ya tajiri imepanda, ya maskini imepata usafi na kupoteza nguvu, na malalamiko mengi yanatoka kwenye mtandao, vumbi na faili zilizochoka. Ukijua tofauti hiyo, fedha yako inabaki kwenye unga na maharage, na sauti ya koko inakufikia vizuri.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema juu ya batri: kwa nini inavimba, na kwa nini usilale nayo kitandani. Leteni maswali yenu kama kawaida. Mbaki na amani, wapenzi.